Barua ya Wazi kwa Mwenye Seva

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa TEHAMA,
Ofisini kwako, unapojijua.

Shikamoo. Unisalimie na seva.

Madai ya malipo ya wanachama wetu, wakulima wa mkonge, tuliyokutumia kwa barua pepe, yamerudi tena. Seva yako imeandika 550, namba ya kukataa barua, ikaongeza sentensi ya Kiingereza. Tulipopiga simu tukaambiwa, "Tumeni tena." Tukatuma, yakarudi. Ndiyo maana tunakuandikia gazetini, ambako mstari ukiisha, umeisha.

Fundi wetu wa hapa Korogwe ametufafanulia. Kanuni ya barua pepe ya Agosti 1982 inataka kila mstari ufungwe kwa alama mbili zisizoonekana: namba 13, ya kurudi mwanzo wa mstari, na namba 10, ya kushuka. Ni urithi wa mashine za teleprinta. Programu yetu ya hesabu huweka ya 10 peke yake, na seva yako huikataa barua ya namba hiyo.

Kwa unyenyekevu, tunaomba umwajiri mpiga chapa mstaafu. Mpe taipureta ya chuma, kiti chenye mto, na chai ya tangawizi ifikapo saa nne. Akae ubavuni mwa seva. Kila mstari wetu ukishuka bila kurudi, avute mkono wa mashine, karatasi irudi mwanzo, barua iendelee. Ijumaa aondoke mapema. Mistari ya jioni ilale getini hadi Jumatatu. Asikose posho ya kilainishi. Akichoka, amrithishe mjukuu.

Mengine ni madogo. Ujumbe wa kukataa uandikwe Kiswahili. Malalamiko kuhusu barua pepe yasilazimishwe kuja kwa barua pepe. Simu ya mapokezi ipokelewe kila mara.

Sababu ya ukali wa seva yako tunaijua. Desemba 2023 watafiti walionyesha kwamba seva zisipokubaliana mwisho wa ujumbe uko wapi, barua za kughushi hupenyezwa katikati. Funga mlango, hatubishi. Lakini mkulima aliyekata mkonge juani anaambiwa na karani wako kuwa madai yake hayajawahi kutumwa. Yalitumwa! Yalifika mlangoni kwako, ukayafukuza, kisha ukamwita mzee wa watu mwongo. Huo si usalama, ni dharau.

Uniwie radhi, Mheshimiwa; sauti ilipanda.

Fundi sasa anairekebisha programu, kwa fedha za wanachama walewale ambao hawajalipwa. Risiti yake tutaileta kwa basi, mkononi, isije ikapungukiwa na namba 13.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Karani wa chama cha wakulima wa mkonge, Korogwe