Jino la Mtani Wangu: Tunahesabu Tano Hadi Moja

Mtani wangu Mnyamwezi, babu zako walitembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, hawakulia. Wewe jino moja limekutoa machozi hapa Kaole! Na usiniambie dawa ya jino bovu ni kung'oa. Likiwahiwa kabla uozo haujafika kwenye mshipa, jino huzibwa. Kwa kitu gani? Sikiliza, tunashuka.

5. Dhahabu. Inadumu kweli. Waliojenga msikiti wa Kaole karne ya 13 labda wangeimudu. Twende.

4. Amalgamu. Ile ya rangi ya fedha: karibu nusu yake ni zebaki, iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Ngumu, gego linaipenda. Lakini hainati kwenye jino, hivyo daktari hulazimika kuchimba tundu la kuikamata, na sehemu ya jino isiyooza nayo inakwenda na uozo. Nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2022 kwamba watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha wasizibwe nayo, isipokuwa daktari akiona hapana budi. Kama unayo ya zamani na haina ufa, iache ilivyo. Ukoo wenu unapenda kufukua kila kitu!

3. Kompositi. Hii hufanana na rangi ya jino, hupakwa tabaka kwa tabaka na kugandishwa kwa taa ya buluu. Inataka jino kavu kabisa, umeme usiokatika na mfuko mnene. Kwa jino la mbele, toa hela mtani, maana kwa kucheka hujambo.

2. Floridi ya fedha. Hii haizibi, inasimamisha uozo. Hupakwa kwa kijibrashi, bila sindano. Sehemu iliyooza inabaki nyeusi, ila kwa mtoto anayempiga daktari mateke ni mkombozi.

1. Saruji ya glasi, madaktari huiita glasi ayonoma. Hapa nivue kofia, kwa sababu habari yenyewe ni ya kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuziba meno bila mashine wala umeme: wanakwangua uozo kwa kijiko kidogo chenye makali, kisha wanajaza saruji. Ni kama fundi wa jahazi anavyosafisha mwanya kabla ya kutia kalafati. Mwanzoni walitumia saruji ya aina nyingine; ya glasi ikaja baadaye ikashinda. Njia hiyo ikajaribiwa Thailand mwaka 1991, na 1994 Shirika la Afya Duniani likaiunga mkono. Mwaka 2021 saruji hii ikaingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Inanata yenyewe kwenye jino na kutoa floridi. Udhaifu wake ni tundu kubwa la gego lililobomoka pande mbili au tatu. Hapo huvunjika mapema.

Basi kabla daktari hajashika koleo, muulize: "Linazibika? Kwa kitu gani?" Ukishazibwa, usile kwa saa moja, na jino hilo ulipumzishe hadi kesho. Kashata zako nipe mimi.