Katika Kuisifu Kamati ya Kozi za Lazima

Malenga wa pwani wamekwisha kuusifu mnazi, wakalisifu jahazi, wala hawakuwanyima sifa zao kanzu, tambuu na kahawa chungu. Lakini mimi, niliyekuwa katibu wa kamati ya mitaala kwa muda wa miaka mitatu katika chuo kikuu ambacho adabu yanizuia kukitaja, sijapata kusikia hata ubeti mmoja uliotungwa kwa heshima ya kamati ya walimu inayosimamia masomo ya jumla, yaani zile kozi za lazima anazozisoma kila mwanafunzi, awe wa uhandisi, wa sheria au wa ushairi, na ambazo aghalabu amekwisha kuzisahau kabla wino wa mtihani haujakauka. Dhuluma hii nimekusudia kuiondoa.

Sifa yake iliyo dhahiri ni subira. Shughuli nyingine za ulimwengu zina haraka: mpunga una msimu wake, mgonjwa ana saa yake, na maji ya bamvua hayamngoji nahodha, bali mtaala uliofikishwa mbele ya kamati hauna haja nyingine ila kurudishwa idarani. Hupokewa kwa taadhima, husomwa ukurasa wake wa kwanza, waandishi wake hushukuriwa, kisha hurejeshwa kwa ajili ya marekebisho madogo, na katika safari hizo za kwenda na kurudi huota mvi za heshima, hata siku utakapopanda kwenda Seneti huwa hakuna tena amkumbukaye aliyeutunga, na kwa hiyo hakuna wa kumhusudu.

Nakumbuka alasiri moja ya kaskazi, feni ikizunguka bila ya kuleta upepo, tulipofikia lengo la tatu la kozi ya stadi za mawasiliano, lililosema kwamba mwanafunzi ataweza “kuchambua na kutathmini” hoja. Profesa wa fizikia, mtu mpole asiyependa makuu, akauliza kama ile “na” isingefaa iwe “au”, kwa kuwa awezaye kuchambua huenda asiweze kutathmini. Mwalimu wa fasihi akaiweka sambusa yake juu ya ajenda, akaeleza kwa ufasaha hukumu za viunganishi, huku doa la mafuta likienea taratibu juu ya neno “Mengineyo”. Mwanasheria akatuonya kwamba neno dogo kama lile limepata kumkosesha mtu shamba. Mwenyekiti akaomba busara. Ilipotimu saa kumi na moja, wajumbe wawili wakawahi basi la wafanyakazi, akidi ikavunjika, nami nikaliandika jambo lile chini ya “Yatokanayo na kikao kilichopita”, ambako lilikaa vikao vinne, limestarehe.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni maradhi ya maskini. Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, ambacho hakikupungukiwa mali wala akili, kiliunda kamati ya namna hiyo mwaka 1943, vita vikuu vikiwa vimepamba moto, na mwaka 1945 kamati hiyo ikatoa kitabu chenye jalada jekundu juu ya elimu ya jumla katika jamii iliyo huru. Shauri likaisha? La hasha! Mwaka 1978 walimu wakapitisha mpango mwingine. Mwaka 2007 wakapiga kura kuuondoa huo na kuweka wa tatu. Mwaka 2015 kamati ya kuupima ikaona kwamba huo nao haufanikiwi. Mwaka 2016 wakapiga kura tena, na uliozaliwa na kura hiyo ukaanza kufundishwa mwaka 2019. Ziko nasaba za masultani zilizokoma mapema kuliko hiyo.

Kwetu mambo yalianza kwa kasi, na kasi hiyo ni shahidi wangu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Machi ukaitishwa mkutano wa kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Na katika joto hilo ikazaliwa kozi ya pamoja, iliyokuja kuitwa Taaluma za Maendeleo, na mwaka 1973 ikapewa taasisi yake. Kwa muda kama huo kamati yangu isingalimaliza kuthibitisha kumbukumbu. Lakini tazama ajabu hii: ujamaa umebaki vitabuni, vyama vingi vikarejea mwaka 1992, na kozi ingalipo, wanafunzi wakiiita DS, kifupi cha jina lake la Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayetaja kodi. Siasa iliizaa, nao waliokaa vikaoni wakaitunza, kwa maana kilichokwisha kuingia katika ajenda hakifi.

Nimeiweka nyuma sifa iliyo kubwa. Madhumuni ya masomo ya jumla ni kwamba mhandisi aonje falsafa, na mshairi asikimbie hesabu. Sasa ingia katika ukumbi wa mihadhara: wanafunzi mia kadhaa, walio nyuma wamesinzia, walio mbele wananakili, na wasiokuwapo watanunua madesa penye mashine ya kurudufia. Lakini katika chumba chetu chenye viti kumi na viwili, mlango umefungwa, mwanafizikia alilazimika, mwaka baada ya mwaka, kumsikiliza mwanafasihi mpaka mwisho wa sentensi. Nilimwona kwa macho yangu yule bwana wa sambusa akichora nyuma ya karatasi ya mahudhurio jinsi joto linavyotoka kwenye kikombe cha chai na lisirudi, akimweleza mhudumu aliyekuja kukusanya vyombo. Na profesa wa fizikia, katika barua ya kuomba likizo, alitumia “ilhali” mahali pake barabara. Kama yupo mtu aliyehitimu kozi zile, ni hao.

Lengo la tatu lilipitishwa katika kikao changu cha mwisho, kwa kauli moja. Lilipita na “na” yake, kama lilivyoletwa.