Shahada ya Uzamili na Gari ya Mwisho ya Matemwe

Kila prospektasi ya skuli ya biashara ina picha ile ile: watu wanne wamezunguka laptop moja, wote wanacheka. Somo lenyewe huenda ni uhasibu wa gharama, ambao tangu uzuliwe haujamchekesha mtu, lakini wao wanacheka. Nyuma yao lipo jengo la vioo, miguuni mwao majani yaliyokatwa sawasawa. Kisichoonekana kamwe ni kituo cha gari. Nami nashikilia kwamba mtu wa Matemwe anayetaka shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara aanzie hapo kituoni, na mambo ya walimu, maktaba na umaarufu wa chuo yasubiri zamu yao.

Chukua ramani ya Unguja. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina makao yake Tunguu. Zanzibar University nayo iko Tunguu. Skuli ya biashara ya SUZA iko Chwaka, palipokuwa na chuo cha fedha cha ZIFA kabla hakijaunganishwa na SUZA mwaka 2016. Kwenye karatasi, Chwaka na Matemwe ni watu wa pwani moja: teremka Pwani Mchangani, pita Kiwengwa, Pongwe na Uroa, umefika. Mwenye ngalawa, kaskazi ikivuma vizuri, angewahi hata kipindi cha kwanza. Ila kurudi angengoja kusi, yaani Aprili. Gari ya shamba haina habari na pwani, inajua mjini tu. Basi mwanafunzi huyo hupanda alfajiri pamoja na madebe ya samaki, akaenda mjini akiipa Chwaka mgongo, kisha akapanda gari nyingine imrudishe mashariki alikotoka. Na kwa kuwa masomo ya wafanyakazi aghalabu huwa jioni, mwalimu anapofika kwenye jambo la maana, mtu wa Matemwe keshaanza kufunga daftari, maana gari ya mwisho haingoji mtu amalize kuelewa. Anaondoka na nusu ya nadharia. Kesho yake kazini anaitumia hiyo nusu, na hapo ndipo wafanyakazi wenzake wanapoanza kuiogopa elimu.

Wapo watakaosema kwamba kinachotazamwa ni jina la chuo, na kwamba mwajiri wa Dubai hatauliza mtu alipanda gari gani. Kweli hatauliza. Lakini zitazame orodha za majina hayo zinavyotengenezwa. Ile ya gazeti la Financial Times huweka uzito mkubwa kwenye mshahara wa mhitimu miaka mitatu baada ya kumaliza. Kipimo hicho kimetungwa na watu ambao mishahara yao haina wajomba. Na ada? Harvard, iliyoianzisha shahada hii mwaka 1908, sasa hutoza zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka kwa masomo peke yake. Tuseme dola ni shilingi 2,500 na kilo ya mwani mkavu ni shilingi 1,000: hiyo ni tani 175 za mwani. Matemwe nzima ingeingia baharini kumsomesha kijana mmoja, naye angerudi kuwaeleza kwamba tatizo lao ni kutegemea mnunuzi mmoja. Wanalijua. Mnunuzi huyo ndiye mara nyingi anayewapa kamba na taitai za kufungia mwani, kisha ndiye anayetaja bei.

Kalenda nayo ina vituko vyake. Mihula ya vyuo vyetu huishia Februari na Julai, ndipo mitihani inapofanywa, na hiyo ndiyo miezi ambayo hoteli zinazotazama kisiwa cha Mnemba zimejaa wageni. Msimamizi wa mapokezi anaomba ruhusa wiki ile ile ambayo mgeni wa chumba cha tatu anataka kupiga mbizi, wa cha nne amechomwa na jua, na wa cha tano amekanyaga shokomoa. Masika inapoingia, hoteli kadhaa zinafunga na yule msimamizi anakaa barazani na muda wote duniani, huku muhula ndio kwanza mbichi. Kwa wakulima wa mwani ni vigumu zaidi, kwani kazi yao hufuata bamvua, na bamvua haijapata kuheshimu Jumamosi. Kwa watu kama hawa naona afadhali chuo kinachofundisha kwa vipande. ESAMI ya Arusha, ingawa iko mbali, humwita mtu kwa siku maalumu kisha humwachia. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa mwaka 1992, kilianza kwa kukubali kwamba mwanafunzi ana kwao.

Nimeshasikia pingamizi la mwisho: siku hizi kuna intaneti, soma ukiwa kitandani. Hili lina nguvu, na zamani ningelijibu kwa umeme tu, maana kuanzia Disemba 2009 Unguja ilikaa gizani kama miezi mitatu. Leo hali si ile. Lakini anayedhani nyumba ya Matemwe itamwachia mtu saa mbili za mhadhara, basi hajawahi kukaa humo. Mtu aliyejifungia chumbani akizungumza peke yake na ukuta, tena kwa Kiingereza, huletewa kwanza chai, halafu maji ya kombe.

Kwa hiyo anayekwenda kuulizia nafasi asianze na idadi ya maprofesa. Amuulize karani wa udahili kipindi cha mwisho kinatoka saa ngapi. Karani akitazama saa ya mkononi kabla ya kujibu, fomu ijazwe hapo hapo. Akifungua prospektasi kwenye ile picha ya laptop, aulizwe kwa adabu wale wanne walirudi makwao na gari gani.