Barua ya Wazi kwa Wenye Mafahali wa Shinyalu

Kwa Wazee Wenye Mafahali na Wasimamizi wa Uwanja,
Shinyalu, Kaunti ya Kakamega.



KUH: OMBI LA WANAUME KUSAJILIWA KUWA MAFAHALI

Mimi ni mwanamume wa Isukha niliyevuka miaka hamsini. Ninaandika kwa niaba yangu na ya wenzangu wa rika, ambao hawakunituma, kwa sababu wangenituma ingebidi waeleze kinachowasumbua. Ombi letu ni moja: mtufute katika daftari la binadamu, mtuandike katika lile la mafahali. Tumelipima jambo hili tukiwa kando ya uwanja wa kupiganishia mafahali, matawi mikononi, na hatuna shaka tena. Katika Shinyalu hii, dume anayetunzwa ni yule mwenye pembe.

Fahali akibakisha majani jioni, mwenyewe halali. Atamwangalia macho, atampapasa mbavu, atainama akague kinyesi. Akionekana kukojoa kwa shida, habari hufika sokoni Khayega kabla ya adhuhuri, na daktari wa mifugo huitwa saa hiyo hiyo, nauli ya pikipiki juu ya mwenye fahali. Usiku wa kuamkia pambano analindwa na vijana wenye tochi asije akarogwa. Na huyo mwenyewe anayetoa nauli na kulipa walinzi, huamka mara nne usiku kwenda nje. Husimama gizani akisubiri, yakatoka matone mawili, akarudi kitandani. Mama watoto akiuliza kulikoni, hujibiwa kwamba mbwa walikuwa wanabweka.

Tena kuna hili la glavu. Daktari wa mifugo akija kumpima ng'ombe mimba, huvaa glavu inayofika begani, na mkono wote ukazama. Wanaume wa boma husimama pale pale wakishika kamba na kutoa maoni. Haoni aibu mtu, wala ng'ombe. Lakini mwambie mmoja wao kwamba hospitalini yuko daktari anayepima tezi dume kwa kidole kimoja, tena kwa muda usiofika dakika, utamwona mtu aliyetahiriwa bila kupepesa jicho akikumbuka ghafla kwamba aliacha mbuzi karibu na mahindi.

Kwa kuwa baadhi ya mafahali watasomewa barua hii, nieleze kidogo. Tezi dume ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Umri ukisonga, tezi huvimba na kuubana mrija. Mara nyingi huko ni kuvimba tu, si saratani, na dawa zipo. Saratani yenyewe ina hila nyingine. Kwa kawaida huanzia pembeni mwa tezi, mbali na mrija, hivyo inaweza kukaa miaka bila kumsumbua mwenyewe hata kidogo. Anayejisifu kwamba mkojo wake bado unaruka ua hajathibitisha lolote. Ikianza kusema, huenda tayari imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Na mgongo wa mwanamume wa huku haukosi maelezo: jembe, miwa, uzee, jirani aliyekutazama vibaya. Basi hupakwa dawa ya kuchua, kisha ikaja mitishamba, kisha maombi. Hospitali huwa ya nne, na mgonjwa hupelekwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi.

Kumbe kipimo cha kwanza si hata hicho kidole kinachowakimbiza watu. Ni damu ya mkononi. Kinaitwa PSA, jina la protini inayotengenezwa na tezi hiyo, na maabara hupima kiasi chake kwenye damu. Kiasi kikiwa juu, si hukumu ya kifo. Hupandishwa pia na uvimbe wa kawaida, na maambukizi, na hata kuendesha baiskeli kwa nguvu au shughuli za chumbani siku chache kabla. Kwa hiyo siku mbili kabla ya kupimwa, mwenye baiskeli aiegeshe, na hayo mengine yaegeshwe pia. Kikiendelea kuwa juu, ndipo daktari huchunguza zaidi, na mwisho hutoa vipande vidogo vya nyama ya tezi vikaangaliwe kwa hadubini. Baadhi ya saratani zinazoonekana hapo huwa za mwendo wa kobe, na daktari akaamua kuzitazama tu mwaka hadi mwaka bila kumkata mtu.

Sitaki kuwauzia kipimo hiki kwa maneno ya mwenye kipaza sauti sokoni, anayetibu kwa chupa moja jino, mgongo na mke asiyetii. Ulaya walifanya utafiti wa wanaume zaidi ya 160,000 wa kati ya miaka 55 na 69, wakawafuatilia kwa takriban miaka 23. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yalionyesha kwamba kwa kila wanaume 456 walioalikwa kupimwa, kifo kimoja cha saratani hii kilizuiwa. Mmoja tu, mtasema. Haya, siku ya pambano kubwa tazameni uwanja wenu: walioko kwenye nyasi, walioko kwenye miti, walioko juu ya mapaa ya matatu. Wagaweni mafungu ya watu mia nne na hamsini na kitu, mhesabu mafungu ni mangapi. Kila aliye kwenye fungu anaamini kwamba yule mmoja ni jirani yake. Na hao walikuwa watu wa Ulaya. Sisi wenye asili ya Afrika tunajulikana kuwa katika hatari kubwa zaidi, ndiyo maana Shirika la Saratani la Marekani linashauri mtu mweusi azungumze na daktari kuhusu kipimo akiwa na miaka 45 badala ya 50, na miaka 40 ikiwa jamaa zake wa karibu zaidi ya mmoja waliupata ugonjwa huu mapema. Hapa Kenya, saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kati ya saratani za wanaume. Ushindi huo, kwa bahati mbaya, hausindikizwi na ngoma.

Sasa nifike pale ambapo wazee hushusha sauti na kuwafukuza watoto. Wanaume wanasema: nikienda huko, watanimaliza uanaume. Wenye mafahali, nyinyi ndio mnaoweza kulielewa jambo hili kuliko daktari yeyote, kwa hiyo nisikilizeni. Mwaka 1941, huko Chicago, daktari aitwaye Charles Huggins alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume. Ukikata chanzo cha homoni, saratani husinyaa. Mwaka 1966 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Hadi leo, saratani ikishasambaa mwilini, huo ndio msingi wa matibabu. Mwenye uwezo hudungwa sindano za kuzima homoni, tena na tena, na bei yake haina huruma. Asiye na uwezo hufanyiwa upasuaji wa mara moja, korodani zote mbili zikatolewa.

Si tiba ya kuchekwa. Huondoa maumivu, huongeza miaka, na mwanamume aliyeikubali ili aendelee kuwaona wajukuu ana ujasiri kuliko sisi tunaopiga filimbi uwanjani. Lakini fahali aliyefanyiwa hivyo mnajua anaitwaje, na mnajua kazi yake ni kuvuta plau, wala haletwi uwanjani. Basi niambieni, katika hesabu za zizi: yule anayekwepa kutolewa damu mkononi ili aulinde ufahali wake, kila mwaka anaokwepa, anasogea wapi kama si kwenye umaksai? Nisiwafiche pia, hata tiba ya mapema ina gharama yake. Upasuaji na mionzi vinaweza kupunguza nguvu za chumbani na kuharibu breki za mkojo. Ila anayegunduliwa mapema hukaa na daktari wakachagua, na pengine asihitaji lolote zaidi ya kupimwa kila baada ya muda. Anayechelewa huchaguliwa.

Msidhani aibu hii ni yenu peke yenu. Desemba 2023, waziri wa ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, alifanyiwa upasuaji wa saratani hii kimyakimya. Mwaka Mpya akarudishwa hospitalini kwa matatizo yaliyofuata, na siku kadhaa zikapita Ikulu ya kule haijui alipo. Rais wake, Joe Biden, alikuja kuambiwa kwamba ni saratani Januari 9. Mtu mwenye manowari na ndege za kivita zisizo na idadi, anamficha bosi wake habari za tezi! Angezaliwa hapa kwetu Murhanda angesema alikwenda kuangalia mbwa. Mwaka uliofuata, Mei 2025, ikatangazwa kwamba Biden mwenyewe anayo, na imeshafika kwenye mifupa. Upande mwingine wako waliosema wazi. Askofu Desmond Tutu aligunduliwa nayo mwaka 1997, akaitangaza, akaishi hadi Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Nelson Mandela alitibiwa kwa mionzi mwaka 2001, na alifariki mwaka 2013. Sijasikia mtu akisema wawili hao walipungukiwa na uanaume.

Serikali nayo nisiipite bila kuisalimia, ingawa barua si yake. Yenyewe imeamua kwamba afya ni ya mama na mtoto, na sisi hatukupinga, kwa sababu ilitufaa. Ukutani mwa zahanati nyingi nchini amechorwa mama amebeba mtoto, na baba, akichorwa, amesimama nyuma ameshika mwavuli. Mwaka 2023 walitolewa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, na mikoba ya kupimia presha na sukari. Ni kazi njema. Mhudumu akifika bomani, mama anaitwa, watoto wanaitwa, na baba anaombwa amfunge mbwa. Anamfunga, na yeye mwenyewe anatokea upande wa migomba, asionekane tena hadi mkoba uondoke.

Na tukifa, hakuna anayetushinda kwa heshima. Mkifanya shilembe ya kumuenzi marehemu, mafahali huletwa hadi kaburini kwa mzee, watu wakaimba, isukuti zikalia. Ngoma hiyo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma imeandikwa kuwa hatarini, mpiga ngoma bado. Kabla ya hapo kulikuwa na harambee ya hospitali iliyochelewa, kisha harambee ya mazishi iliyojaa, na kamati ya hema, ya sufuria, ya gari la maiti. Kipimo cha damu kingegharimu sehemu ndogo ya soda za siku hiyo.

Ndiyo sababu hatukuandikia wizara. Wizara ikiita wanaume ukumbini, wanakuja wake zao na kiongozi wa maombi. Nyinyi mkitoa neno tu kwamba fahali wa Shinyalu atakutana na wa jirani zetu wa Idakho, wanaume maelfu wako uwanjani kabla umande haujakauka, na hakuna aliyeahidiwa fulana. Hakuna ofisi ya afya Kenya hii yenye mamlaka hayo. Kwa hiyo, siku ya pambano lijalo, simamisheni hema kando ya uwanja. Waiteni wahudumu kutoka hospitali ya kaunti waje na sindano na vichupa, na wawepo wauguzi wa kiume kwa ajili ya wale wanaotetemeka. Kisha mtunge sheria moja, nanyi mnajua kuzitunga: fahali haachiliwi uwanjani mpaka mwenyewe, akiwa amefika umri, aonyeshe karatasi kwamba ameongea na daktari hemani. Si karatasi ya majibu. Majibu ni ya mtu na daktari wake, na tunaomba sana mtangazaji wenu, ambaye hajawahi kushika siri, asikaribie hema na kipaza sauti chake. Anayesikiliza maelezo na kuamua kutopimwa, hiyo ni haki yake. Anayekimbia kabla ya kusikiliza apigiwe filimbi, maana kwenu fahali anayegeuza mgongo hupigiwa.

Wa kwanza kuingia awe mzee mwenye fahali asiyeshindwa msimu huu. Akitoka anatembea vizuri, wengine watafuata. Mimi nitakuwa wa pili, na nimeshamwambia mama watoto anishike shati.

Wenu katika rika,
Fahali Mtarajiwa, Isukha.

Tanbihi: Daktari wa mifugo akija siku hiyo kwa shughuli zake, aombwe aiache glavu yake ndefu kwenye pikipiki. Za hospitali ni fupi, nimeuliza.