Waraka kwa wahadhiri wenzangu wa uchumi, kuhusu ngano ya Basotu

Waheshimiwa maprofesa na wahadhiri wenzangu,

Nawaandikia nikiwa Katesh, wilayani Hanang', mji ambao wengi wenu mmeufikia kwa gari la utafiti, mkagawa madodoso, mkaondoka siku posho ilipokwisha. Naandika kwa heshima. Baadhi yenu ndio mlionifundisha kazi hii, na ninaipenda kiasi cha kutovumilia kuiona ikifanywa nusu.

Tunapofundisha gharama mbadala, huwaambia vijana kwamba gharama ya ulichokichagua ni kile ulichokiacha. Kisha tunawapa mfano wa bunduki na siagi, kama ulivyo katika vitabu vya Marekani. Humo darasani ameketi kijana wa Kibarbaig ambaye babu yake aliilipa gharama hiyo, naye anaondoka na alama nzuri bila kuambiwa kuwa somo lilikuwa la kwao.

NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, lilianza kulima ngano katika uwanda wa Basotu, hapa Hanang', mwishoni mwa miaka ya 1960. Miaka ya 1970 Kanada ikaingia kwa fedha, wataalamu, matrekta na mashine kubwa za kuvunia. Mashamba yakafika saba, takriban ekari 100,000. Ngano ilistawi, hilo silipingi, na nchi ilikuwa na haki ya kutafuta mkate wake. Ninachokipinga ni hesabu. Ardhi iliingizwa humo kama pori lisilo na kazi, na kisicho na kazi, kwa kanuni yetu wenyewe, hakina gharama mbadala.

Ardhi ile ilikuwa na kazi. Wabarbaig, wafugaji wa uwanda huo, walilisha kwa mzunguko. Mvua zikinyesha, ng'ombe walipelekwa muhajega, yale mabonde ya uwandani yenye nyasi bora kuliko zote. Kiangazi walisogezwa kando ya mito na maziwa na kwenye miteremko ya mlima, muhajega ikapumzika. Eneo lililolimwa lilikuwa dogo ukililinganisha na wilaya nzima, lakini ndilo lililobeba muhajega. Likishaondoka hilo, malisho yaliyobaki yanaliwa mwaka mzima, nyasi zinachakaa, ng'ombe wanakonda, maziwa yanapungua. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kulieleza jambo hilo kwa mchoro mmoja, iwapo atatokea wa kumwambia kuwa lipo. Zipo familia zilizohama na mifugo hadi Usangu, kusini mwa nchi, na huko nako wafugaji wakaondolewa mwaka 2006 na 2007. Gharama hiyo imo katika kitabu cha nani? Na yale makaburi ya wazee, bung'eda, yaliyopitiwa na majembe ya trekta? Sidai yawekewe bei. Nadai tuwaambie vijana kwamba yapo yasiyofikiwa na bei, na kwamba mchumi mwadilifu huyaandika hata hivyo.

Habari za malisho haya zilichapishwa kwa kina mwaka 1996 katika kitabu cha Charles Lane, mtafiti aliyetoka ng'ambo. Wanasheria wetu nao hawakulala. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO na kushinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Anayesomea sheria ya ardhi nchini hukutana na Mulbadaw. Wetu anayesomea uchumi hukutana na nini?

Ukipanda Mbulu, wilaya jirani, mambo ni yale yale. Tunafundisha ushindani kamili, soko ambamo muuzaji na mnunuzi wanajua sawasawa. Mkulima wa vitunguu saumu anauza kwa lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu ya mdomo, na bei anaisikia kwa yule yule anayenunua. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa. Kwa nini bado ipo, hilo ni swali la uchumi hasa, lenye madeni ya msimu, usafiri na uchache wa wanunuzi ndani yake. Nalitamani kwenye mtihani.

Mtanijibu kuwa muda hautoshi: kumbi zimefurika, na kupanda cheo kunadai makala katika majarida ya nje. Ni kweli, nami nabeba mzigo huo huo. Lakini makala hizo zimejengwa kwa majibu ya mama aliyeacha kukamua ili awajibu wasaidizi wenu. Kurasa mbili za Kiswahili, zikipelekwa ofisi ya kijiji, hazimzuii mtu kuwa profesa.

Vijana tunaowapa shahada ndio wanaoajiriwa kesho kuwa maafisa mipango wa halmashauri. Wataletewa andiko la mwekezaji anayetaka ekari elfu kadhaa, na watajaza wao sehemu iliyoandikwa "matumizi ya sasa ya ardhi".

Naomba basi, mwaka ujao wa masomo, Basotu iingie katika kozi ya tathmini ya miradi, kwa hesabu kamili ya pande zote mbili. Mkikubali kuja na wanafunzi, njooni baada ya mvua za masika, tukae na wafugaji siku nzima. Maswali yao kwenu ni mengi, na safari hii wao ndio wataanza kuuliza.

Wenu katika kazi,
Mhadhiri wa uchumi, mzaliwa wa Hanang'