Sifa za Mpangaji Asiyelipa Kodi

Mjini hapa kila mtu ana wa kumsifu. Wapo wanaosifu timu yao hata ikifungwa, na wapo wanaolipwa kusifu maharusi ambao hawajawahi kuwatia machoni. Mimi namsifu kiwavi. Namsifu yule mnene, wa kijani, urefu wa kidole gumba cha seremala, niliyemkuta Jumapili moja asubuhi juu ya ghorofa letu Kariakoo, kwenye mndimu uliopandwa ndani ya ndoo ya rangi.

Mndimu wenyewe una majani ya kuhesabika, na nilikuwa nayahesabu. Enzi za nyumba za Kiswahili, zile za baraza mbele na uani nyuma, mndimu ulikuwa na ardhi yake. Nyumba zikavunjwa, ghorofa zikapanda, na mti nao ukapandishwa ngazi mpaka kwenye paa, ukaishi kati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Nikadhani huku juu hakuna mdudu atakayeufuata. Kumbe mama yake ana mbawa.

Swali la kwanza likawa: huyu ni nani? Bibi wa ghorofa ya nne, aliyekuja kuanika, alimtazama kwa mbali akafunga khanga vizuri. "Mjukuu wangu, huyo ni nyoka mchanga. Huoni macho hayo?" Kijana anayetupandishia maji alisema ni washawasha, na kwamba binamu yake aliwahi kuvimba mkono wiki nzima. Nikapiga picha kwa simu, nikashuka hadi duka la pembejeo jirani na soko.

"Kaka, huyu ni kiwavi gani?"

Akaitazama picha kama daktari anavyotazama eksirei. "Huyu wa elfu nane," akasema, akainua mkono kwenye rafu ya dawa.

Simlaumu. Kariakoo kila kitu hutambulika kwa bei yake. Na mtaa wenyewe usijifanye hodari wa majina: wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza waliitwa Carrier Corps, wenyeji wakasikia walivyosikia, na hadi leo tunaishi ndani ya matamshi hayo. Asiyejua kiwavi akamwita nyoka bado hajavuka mipaka ya desturi yetu.

Njia ya kweli ya kumtambua kiwavi ni kumwacha mwenyewe kwanza ukauliza mti. Viwavi wengi wana ugumu wa mlo unaomshinda mgonjwa wa sukari: huyu hali ila jamii ya ndimu, yule hali ila viazi vitamu na ndugu zake, na ukiwabadilishia sahani watakufa njaa kwa heshima zao. Mwanamke mmoja mzaliwa wa Frankfurt, Maria Sibylla Merian, alilielewa hilo mapema. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alipanda meli na binti yake mpaka Surinam kuchora viwavi, na kitabu chake cha 1705 kinamwonyesha mdudu pamoja na mmea anaoula. Wengine walikuwa wakiwachora wadudu peke yao kama picha za pasipoti. Mama huyu aliwachora wakiwa mezani.

Basi mti wangu ni mndimu, na mla mndimu mkubwa wa kijani huku kwetu ni mtoto wa kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, ambaye wanasayansi humwita Papilio demodocus. Mama yake ndiye bingwa wa utambuzi. Hutua kwenye jani akaligongagonga kwa miguu, maana miguu yake ina uwezo wa kuonja. Amepita juu ya mabati, nyaya na maturubai, akaonja kwa nyayo, akajua kwamba ndani ya ndoo moja ya rangi, katika jiji zima, kuna ndimu. Mimi nikitumwa dukani bila jina la mtaa hurudi mikono mitupu.

Na mtoto hakuanza na kijani hicho. Siku zake za mwanzo alikuwa wa kahawia iliyochafuliwa na weupe, amelala juu ya jani, na nilimwona bila kumwona kwa sababu alifanana kabisa na kinyesi cha ndege. Tafadhali pima ukubwa wa unyenyekevu huo. Paa letu linatawaliwa na kunguru wale wa Kihindi, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 eti wasafishe mji, nao wakageuka wenye mji. Mbele ya mtawala wa namna hiyo, mtoto yule alichagua kufanana na kitu pekee ambacho kunguru amekwisha kukiacha kwa hiari yake. Nimewajua watu waliopata vyeo kwa mbinu hiyohiyo, lakini wao hawakuiacha walipokua.

Yeye aliiacha. Kiwavi hubadili ngozi mara kwa mara kadiri anavyonenepa, na kwa hatua ya mwisho alitoka na suti ya kijani yenye mikanda ya kahawia na yale madoa ya macho yaliyomtisha bibi. Chini yangu, Mtaa wa Kongo, watu wanasukumana kutafuta nguo za sikukuu. Huyu amepata yake bila kumsukuma mtu na bila kuombwa aongeze hela kidogo.

Nilipomgusa kwa kijiti alitoa silaha. Nyuma ya kichwa zilichomoka pembe mbili laini, rangi ya chungwa, na hewa ikajaa harufu kali ya ndimu iliyooza. Akazirudisha, akaendelea kula. Hana sumu ya kumdhuru mtu, hachomi. Ni ugomvi wa mtu mstaarabu: kelele fupi, harufu kidogo, kisha chakula.

Ndoo ya pili ina matembele, na huko naishi na jamaa mwingine ambaye bado sijamwona mchana hata mara moja. Nimemjua kwa kinyesi. Nilikuta sakafuni punje nyeusi, ngumu, kubwa kuliko pilipili manga, nikadhani kuna mtu amemwaga viungo. Usiku nikapanda na tochi. Alikuwa chini ya jani, mnene kama kidole na mrefu kukipita, na mkiani ana pembe. Pembe hiyo imewakimbiza watu wengi, nayo ni pambo tu. Ukimsumbua huinua kifua na kuinamisha kichwa, akatulia hivyo kama sanamu la Misri. Ndiyo maana Linnaeus aliwapa nondo wa ukoo huo jina la Sphinx. Akishiba atajizika kwenye udongo wa ndoo, akatengeneza bumba lenye mkonga uliopinda kama mkono wa birika, na humo atatoka nondo mwenye ulimi mrefu kuliko mwili wake, wa kunyonya maua ya usiku. Jamaa zake wa kaskazini mwa Afrika huvuka Mediterania hadi Uingereza, na sijasikia aliyeombwa viza.

Ndiyo, majani yangu yana matundu. Lakini fikiria soko. Mwanamama anayeuza matembele hulaumiwa kwa kila tundu, na mteja huchagua fungu lisilo na doa, linalong'aa, ambalo hakuna kiumbe aliyethubutu kuligusa. Wafalme walilipa watu waonje chakula chao kwanza. Mimi mwonjaji wangu anafanya kazi bure, na kila tundu linaniambia kwamba aliyetangulia alikula akaondoka mzima.

Kila ukoo una wa kuutia aibu, na sitamficha: kiwavijeshi vamizi, mzaliwa wa bara la Amerika, aliyeingia Afrika 2016 na kuripotiwa Tanzania mwaka uliofuata, si wa kusifiwa. Huyo hutambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia, na mwenye shamba la mahindi akimwona asimsomee makala yangu. Vivyo hivyo mwenye manyoya: usimshike, kijana wa maji ana haki yake. Mtu mwenye ndoo mbili juu ya paa ana nafasi ya kuwa mkarimu ambayo mkulima hana.

Siku ya kumi na moja tangu nimgundue, wa mndimu alikuwa ameondoka. Majani yamebaki saba. Nilimtafuta ndani ya ndoo, nyuma ya tangi, hata kwenye nguo za watu, nikaona haya kuendelea. Bibi ndiye aliyemwona, kwenye nguzo ya kamba ya nguo: ametulia wima, mkia umegandishwa, uzi mmoja mwembamba wa hariri umemzunguka kiunoni, na rangi yake imeanza kufanana na mbao.

"Nyoka wako kajifunga mkanda," akaniambia. "Anasafiri?"

"Anasafiri, bibi."

Akamtazama tena, safari hii kwa karibu. Kisha akafungua vibanio, akazihamisha shuka zake zote nne hadi kamba ya upande wa pili, kule ambako kunguru huchafua. "Akiondoka uniite," akasema.