Sifa za Panga la Springi

Wamesifiwa farasi, yamesifiwa majahazi, na jambia la Muscat lenye mpini wa fedha limekwisha kupata wa kulihimidi. Lakini sijapata kusikia mtu akilitolea taadhima panga lile zito, jeusi, lililopinda kidogo bila ya kukusudiwa, ambalo mafundi chuma wa Gerezani, Dar es Salaam, hulifua kwa springi ya lori lililokwisha kufa. Dhuluma hiyo nataka kuiondoa leo, na nasema wazi, mbele ya vijana waliotazama filamu za samurai hata wakaingiwa na shauku ya kumiliki katana, ya kuwa mwenye kujifunza kukata hana upanga wa kwanza umfaao kuliko huu.

Katana ya kweli, yenye ubapa wa takriban sentimita 70, hufuliwa kwa chuma kiitwacho tamahagane, kikunjwacho na kukunjwa tena, kisha hupakwa udongo mzito mgongoni na mwembamba makalini kabla ya kuzamishwa majini, ili makali yawe magumu na mgongo ubaki na unyumbufu. Na bei yake si adabu kuitaja mbele ya mtu wa mshahara. Ama ile rahisi ing'aayo, ya chuma kisichoshika kutu, iliundwa kupamba ukuta: mkia wake ndani ya mpini ni mwembamba kama msumari, na siku ya kupigia kitu kigumu nusu yake humwacha mwenyewe ikaenda kuwazuru majirani.

Springi, kinyume chake, ilizaliwa kwa kuonewa. Imebeba saruji na magunia ya mahindi, imeinama na kuinuka katika kila shimo la njia, na tabia hiyo haiisahau hata fundi akiivuvia moto wa mkaa, akaiponda juu ya kipande cha reli na kuizamisha katika oili chafu. Yawezekana fundi ana haraka, moto usikolee, na panga likatoka laini. Nayo ni fadhila, kwani panga laini hupinda badala ya kuvunjika, na mwenyewe hulinyoosha kwa mguu. Makali yake hayamalizi asubuhi moja, almuradi mwanafunzi hushika tupa akajifunza kunoa, maarifa ambayo tajiri wa katana humlipa mwingine amfanyie. Halina kikingio cha mkono, basi humfundisha hadhari. Wajapani hushikiza mpini kwa kijiti cha mwanzi, mekugi, wakaagizwa wakikague kabla ya kukata. Sisi hatuhitaji agizo, maana mpini ukilegea hupiga kelele wenyewe, hata ufungwe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Na cha kukatwa je? Huko Japani hukunja mikeka ya tatami, wakailoweka, wakaisimamisha. Sisi tuna mgomba, ambao ukishazaa mkungu wake lazima uangushwe, basi kumpa mwanafunzi aukate vipande ni thawabu kwa mwenye shamba. Mgomba ni mwalimu asiye na haya: ubapa ukienda sambamba na pigo, hupita, ukiegemea upande, hunasa katikati, na utomvu humrukia mkataji ukamwachia madoa ambayo sabuni haiyawezi, hata mtaa mzima ukasoma katika kanzu yake daraja aliyofikia.

Mwaka 1876 serikali ya Japani iliwakataza raia kutembea na panga hadharani, na samurai wakabaki mikono mitupu. Mwenye panga la springi hulizungushia kaniki, akaulizwa, akajibu kwamba anakwenda shamba Mkuranga, na akasadikiwa. Akiingia nalo kituo cha mwendokasi cha Gerezani, wale ambao jana walimkanyaga bila ya kumtaka radhi humpisha kwa heshima nisiyoona wakipewa wazee. (Mama yake naye hulitamani kwa kupasulia kuni, na hulichukua.)

Basi aendaye kulichagua asitazame kung'aa. Atazame kama chuma kinaonekana pande zote mbili za mpini hadi mwisho, ribiti ziwe tatu wala si moja, aligonge kwa ukucha asikilize kama limepasuka, kisha aanze kubishana bei. Na likisha kunolewa miaka hata likawa jembamba, fundi yule yule hulipokea akalikata: kipande kirefu kikawa kisu cha mchinjaji, kifupi kikawa patasi, na mwenyewe akapunguziwa bei ya jingine.